Injini ya Kuchajia Inanguruma: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kelele Kwenye Gari la Umeme

Umesimama kwenye taa nyekundu. Gari kimya, unaisikia hata pumzi yako. Mara nyuma ya kiti kitu kinaamka na kunguruma kama pikipiki iliyofungiwa stoo, na wewe mguu uko kwenye breki, hujagusa chochote. Abiria anageuka kutazama nyuma, halafu anakutazama wewe.

Ukimiliki gari lenye renji ekstenda, hiyo hali unaijua. Ni gari la umeme lililobeba jenereta yake. Magurudumu yanazungushwa na mota, na injini ndogo ya petroli kazi yake ni kufua umeme pale chaji inapokuwa ndogo. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani: mwaka 1900 Ferdinand Porsche alishaunda gari la namna hiyo, Semper Vivus. Ya siku hizi yanatofautiana sana. BMW i3 REx ina injini ya silinda mbili yenye cc 647, ndugu wa ile ya skuta za kampuni hiyohiyo, imelazwa chini ya sakafu ya buti. Chevrolet Volt ina silinda nne na iko mbele. Teksi ya London, LEVC TX, ina silinda tatu. Mazda MX-30 R-EV haina pistoni kabisa, ina rota moja ya cc 830. Kwa hiyo usilinganishe mlio wa gari lako na wa jirani mwenye gari la aina nyingine.

Kabla hujashika spana, elewa jambo moja ambalo ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko. Kwenye gari la petroli, masikio yetu yamezoea sauti inayofuata mguu: ukikanyaga inapanda, ukiachia inashuka. Hapa sauti inafuata kompyuta. Kompyuta inaangalia chaji iliyobaki, mwendo, joto la injini na umeme unaotumika, kisha inachagua mzunguko (kasi ya injini kuzunguka) inaouona unafaa. Inaweza kunguruma umesimama na ikatulia unapopanda mlima. Hilo si tatizo. Tatizo ni pale mlio wenyewe umebadilika kutoka ulivyokuwa, na hatua zinazofuata ni za kutenganisha hayo mawili.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni injini kweli

Gari la umeme lina vitu vingi vinavyolia, ila kwenye gari la petroli vingefunikwa na injini. Niliwahi kumsikia mtu akilaumu injini kwa mvumo ambao uliisha kila alipofika mwendo wa kilomita 20 na kitu kwa saa. Ile ilikuwa spika ya kuwaonya waenda kwa miguu. Ulaya, kila gari jipya la umeme linalazimika kuwa nayo tangu Julai 2021, na lazima isikike hadi kilomita 20 kwa saa.

Wengine wa kuwaondoa kwenye orodha ya watuhumiwa: feni na kompresa ya AC, ambazo hufanya kazi kwa nguvu gari linapochajiwa kwa chaja ya kasi kwa sababu betri inahitaji kupozwa. Ule mlio wa "tak" mzito unapowasha au kuzima gari ni swichi kubwa za betri zinazofunga na kufungua. Na ukisikia pampu ndogo ikivuma saa kadhaa baada ya kuegesha, usiku watu wamelala, huenda ni gari linajikagua kama tangi linavujisha mvuke wa petroli. Ni kawaida, ingawa mara ya kwanza linatia wasiwasi.

Jaribio ni hili. Tafuta kipande cha barabara tambarare unachokifahamu. Kipite kwa mwendo mmoja, mara moja injini ikiwa imezimika na mara moja ikiwa inafanya kazi, dashibodi itakuonyesha. Mlio uliopo mara zote mbili si wa injini. Halafu, injini ikiwa inanguruma, punguza mwendo taratibu. Mlio unaoshuka pamoja na magurudumu huku mngurumo wa injini ukibaki palepale, katafute kwenye matairi na beringi za magurudumu. Angalizo: baadhi ya magari, Volt mojawapo, kuna nyakati huunganisha injini na magurudumu moja kwa moja, hivyo kwa hayo jaribio hili la pili halitoshi peke yake.

Hatua ya 2: Jua ratiba ya injini yako

Injini hizi zina sababu zaidi ya moja ya kuwaka. Chaji imeshuka hadi kiwango kilichopangwa. Au wewe umebonyeza kitufe cha kuhifadhi chaji. Au ni baridi kali na gari linataka joto. Au haijafanya kazi muda mrefu, na kompyuta inaiwasha ili oili izunguke na vyuma visipate kutu. Volt, kwa mfano, ikikaa kama wiki sita bila injini kuwaka huomba iwashwe kidogo, na petroli iliyokaa tangini karibu mwaka mzima hulazimisha ichomwe. Kwa hiyo gari lenye chaji tele linaloanza kunguruma asubuhi moja bila sababu unayoiona huenda linajitunza tu.

Jingine la ratiba: dakika ya kwanza baada ya kuwaka ikiwa baridi. Hapo injini inapasha moto kisafisha moshi, na mlio wake ni tofauti, wa kukwaruza kidogo na wa juu kuliko inavyostahili. Usiuhukumu mlio wa dakika hiyo. Ngoja ipate joto ndiyo usikilize.

Chukua daftari wiki moja. Usiandike "kelele mbaya leo", andika vitu ambavyo fundi anaweza kuvifanyia kazi. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: "Chaji 12%. Kilomita 60 kwa saa, tambarare. AC imezimwa. Injini imewaka dakika 9. Zzzz kutoka nyuma kulia, sekunde tatu, ikakata nilipoanza kupanda." Mstari huo mmoja ulikuwa na jibu lote ndani yake, ila sikuliona siku hiyo.

Hatua ya 3: Irekodi, halafu piga hesabu ndogo

Simu inatosha. Rekodi ukiwa umekaa kiti cha mbele, kisha kiti cha nyuma, kisha simu ikiwa ndani ya buti iliyofungwa, kisha nje karibu na silensa gari likiwa limesimama mahali pa wazi. Simu huongeza na kupunguza sauti yenyewe inaporekodi, kwa hiyo usiitumie kuamua wapi kelele ni kubwa zaidi. Itumie kusikiliza aina ya mlio. Na anayerekodi wakati gari linatembea ni abiria.

Ukiwa na programu ya simu inayochora mawimbi ya sauti, unaweza kwenda mbele zaidi. Unahitaji mzunguko wa injini, na kama dashibodi haionyeshi, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi kitakupa. Gawanya mizunguko ya dakika kwa 60, kisha zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Injini ya silinda mbili ikiwa mizunguko 2,400 kwa dakika inalipua mara 40 kwa sekunde, yaani hezi 40. Silinda tatu kwa mzunguko huohuo ni hezi 60, silinda nne hezi 80. Rota moja hulipua mara moja kila shafti yake inapozunguka, hivyo nayo inaangukia hezi 40.

Hesabu hiyo ina faida gani? Kilele cha mchoro kikiwa kwenye namba hiyo au kuzidisha kwake kwa mbili, unachosikia ni pumzi ya injini yenyewe: inapita kwenye ekzosti, kwenye njia ya hewa au kwenye mauntingi, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Kelele ikiwa juu mno, hezi mia kadhaa hadi maelfu, tafuta kitu chembamba kinachotetema au tafuta upande wa jenereta. Na ukihisi mtikiso wa polepole kuliko hezi hizo, ule unaousikia zaidi kwa makalio kuliko kwa masikio, silinda moja huenda haichomi. Maikrofoni za simu ni dhaifu huko chini, kiti kitakuambia kabla yake.

Hatua ya 4: Utambue mlio

Hapa ndipo kazi ilipo.

Kutetema kwa bati. Ni "zzzz" inayotokea kwenye mzunguko mmoja tu wa injini, ikipanda kidogo inakata, ikishuka kidogo inakata. Kila kipande cha chuma chembamba kina mtetemo wake kinaoupenda, na injini za kuchajia zina tabia ya kukaa muda mrefu kwenye mzunguko uleule. Injini ya gari la kawaida ingepita hapo kwa nusu sekunde usitambue, hii inapiga kambi. Ndiyo maana kibati kidogo kilicholegea kinasumbua kwenye gari hili kuliko kwenye lingine lolote.

Langu lilikuwa hilo. Fundi aliyelisikia alisema mauntingi zimekwisha, injini ishushwe. Nikaomba usiku mmoja. Asubuhi, gari likiwa baridi na limezimwa kabisa, nikaingia chini na tochi na kuanza kugongagonga kila kitu kwa kifundo cha kidole. Bati la kukinga joto juu ya silensa likaniitikia. Bolti yake ilikuwepo, imekaza vizuri. Tundu la bati ndilo lililoliwa na kutu hadi likapanuka kuliko kichwa cha bolti. Ukitazama kwa haraka unaona bolti, unaridhika, unaondoka. Kilicholisaliti ni doa moja lenye ukubwa wa ukucha, linalong'aa kama sarafu mpya, katikati ya bomba lililojaa kutu. Pale ndipo bati lilipokuwa likigonga. Washa mbili pana, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti, zikamaliza kesi. Kwa hiyo, tafuta doa linalong'aa mahali ambapo kila kitu kinapaswa kuwa na vumbi.

Kuvuma. Ni mvumo mzito unaojaza gari zima, hujui unatoka wapi, masikio yanahisi kushindiliwa. Fungua dirisha moja kwa upana wa vidole viwili. Mvumo ukipungua sana au kubadilika, tatizo kubwa ni hewa ya ndani ya gari inayotikisika pamoja na injini. Usipobadilika, na usukani au kiti vinatetema, mtetemo unapita kwenye vyuma, na hapo mauntingi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza: mpira uliopasuka au kukauka haunyonyi tena mtetemo wa injini. Jaribu pia ukiwa na mzigo kwenye buti. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwa gari ambalo injini yake iko chini ya sakafu ya buti, msemo huo ni fizikia kavu.

Kupuliza. "Pfu, pfu, pfu" inayofuata mdundo wa injini, kubwa ikiwa baridi na kupungua bomba linapopata moto na kutanuka. Ekzosti inavuja kwenye kiungo au gasketi. Utaona masizi meusi yamechora mahali moshi unapotokea. Hili usilivumilie hata kama kelele yenyewe ni ndogo, kwa sababu moshi unaovuja chini ya gari unaweza kuingia ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Rekebisha kwanza, mengine baadaye.

Kugonga. Kuna kugonga kwa aina mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni nyepesi, kama kokoto kwenye kopo, inatokea injini inapobeba mzigo mkubwa. Mara nyingi ni petroli: imezeeka au ni ya daraja la chini kuliko lililoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Ya pili ni nzito, ya chuma kwa chuma, na inaongezeka kadiri injini inavyopata moto. Hiyo simamisha gari, angalia oili, na kama gari linakuruhusu endelea kwa betri peke yake hadi mahali salama. Hapo ndipo utafurahi kwamba injini haikuungwa na magurudumu.

Kumisi. Injini inatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Plagi, koili, au injekta iliyoziba kwa petroli iliyolala muda mrefu. Taa ya injini kwa kawaida itawaka, na kifaa cha uchunguzi kitataja silinda.

Mluzi. Mlio mwembamba, laini, unaopanda na kushuka pamoja na umeme unaozalishwa, ni jenereta na kifaa chake cha kubadili umeme. Ukiwa laini na haujabadilika tangu ununue gari, acha. Ukigeuka kuwa wa kusaga, beringi inaanza kuaga.

"Gwa!" wakati wa kuwaka au kuzimika. Jenereta ndiyo huiwasha injini, kwa hiyo hakuna ule mlio wa stata uliouzoea, na mtikiso mdogo wakati wa kuzimika ni wa kawaida. Pigo la nguvu linalosikika hadi sakafuni si la kawaida: mauntingi imepasuka au bolti yake imekatika. Usisubiri.

Hatua ya 5: Ingia chini, lakini kwa masharti

Injini hii inajiwasha yenyewe. Hilo ndilo linaloitofautisha na kila injini uliyowahi kuinamia. Zima gari kabisa, chomoa kebo ya chaji, ufunguo peleka mbali ili gari lisiuhisi. Subiri ekzosti ipoe. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee. Nyaya zote za rangi ya machungwa zina volti za kuua: usizivute, usizifungue, usiziegemee. Na ukihitaji kusikiliza injini ikiwa inawaka, fanya hivyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, ili moshi usikudhuru. Kwa sababu hiyohiyo usiache gari likiwa limewashwa ndani ya gereji ya nyumbani, hata kama chaji imejaa. Zamu ya kujitunza inaweza kufika.

Ukiwa chini, anza na vitu vya rahisi. Plastiki kubwa ya kufunika tumbo la gari: hesabu klipu na skrubu zake, kwa kawaida moja au mbili huwa zimebaki kwa fundi wa mwisho. Mipira ya kuning'iniza silensa. Mabati ya kukinga joto, kila moja, si kwa macho tu bali kwa kifundo cha kidole. Mauntingi, ukimulika mpira kutafuta nyufa. Mawe yaliyonasa kati ya bomba na bati. Kisha fungua sanduku la filta ya hewa uangalie kama lilifungwa sawasawa. Likikaa upande, injini inavuta hewa kwa mlio wa kukoroma ambao watu huudhania ni ekzosti. Na usishangae kukuta kiota. Injini inayolala wiki tatu mahali pakavu, penye povu laini la kuzuia sauti, kwa panya ni nyumba yenye godoro.

Hatua ya 6: Petroli na oili

Kosa la wengi ni kujaza tangi na kulisahau. Sehemu nyepesi za petroli huruka, inayobaki inachoma vibaya na injini inalalamika. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana BMW i3 REx na Volt zina matangi yaliyofungwa kwa shinikizo; unabonyeza kitufe na kusubiri shinikizo litoke kabla kifuniko hakijafunguka. Hata hivyo hakuna tangi linalozuia uzee. Kama injini unaitumia mara chache, weka petroli ya kukutosha kwa dharura tu, kisha ongeza mbichi.

Kuhusu oili, kilomita za gari hazikuambii kitu. Gari linaweza kutembea kilomita 20,000 na injini ikafanya kazi saa chache. Lakini saa hizo zikiwa za dakika tano tano, ni mbaya kuliko safari ndefu: injini haipati moto wa kutosha, maji na petroli vinabaki kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na vyuma vinaanza kusikika. Badilisha oili kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari hata kama unaona haijatumika. Na mara moja kwa mwezi au zaidi ipe injini safari halisi, nusu saa hivi barabara kuu, ichemke na kukauka ndani.

Hatua ya 7: Badilisha unavyoitumia

Ukishajiridhisha kwamba hakuna kilichoharibika na bado inakukera, dawa kubwa iko kwenye namna unavyoendesha. Watu wengi wanaruka hatua hii na kukimbilia kununua sponji.

Tazama namba za i3 REx. Mota ya magurudumu ina kilowati 125. Jenereta ina 25. Barabara tambarare kwa mwendo wa wastani, 25 zinatosha na chenji inabaki. Mlima mrefu kwa kasi, hazitoshi, na kinachopungua kinachukuliwa kwenye betri. Sasa ukisubiri hadi betri iwe karibu tupu ndiyo injini iwake, halafu ukakutana na mlima, haina pa kukopa. Itapanda hadi mzunguko wake wa mwisho na kukaa huko ikipiga yowe, na gari linaweza hata kupunguza mwendo lenyewe. Kelele uliyoisikia ni ya injini iliyochelewa kuitwa.

Kwa hiyo iite mapema. Kama gari lako lina kitufe cha kuhifadhi chaji, kibonyeze ukiwa na akiba nzuri na barabara ndefu mbele. Kwenye masoko mengi i3 REx ilikuruhusu kufanya hivyo chaji ikishuka chini ya asilimia 75. Zile za soko la Marekani zilinyimwa kitufe hicho. Volt ina hali maalumu ya milima inayoweka akiba kabla hujafika mlimani. Injini inayosaidia betri yenye chaji huzunguka taratibu zaidi kuliko ile inayoibeba betri tupu mgongoni.

Chagua pia mahali pa kuingurumisha. Ukiwa mwendo wa kilomita 90, upepo na matairi vinaifunika. Ukiwa kwenye foleni, ndiyo sauti pekee. Basi tumia injini barabara kuu, hifadhi betri kwa mjini. Wahandisi wa Nissan walifanya hilohilo kwa kompyuta kwenye Note e-Power ya mwaka 2020: gari linasoma mtikisiko wa magurudumu, likigundua barabara ni mbovu na ina kelele, linachukua nafasi hiyo kuchaji, na kwenye lami laini linanyamaza. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa kidole.

Na punguza mwendo kidogo. Nguvu ya kukata upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo, hivyo ukitoka kilomita 110 kwa saa na kwenda 90, sehemu hiyo ya mzigo inabaki kama asilimia 55. Injini itakushukuru kwa kushusha sauti.

Hatua ya 8: Vizuia sauti

Nitakuwa mfupi kwa sababu matokeo nayo ni mafupi. Sponji nyepesi hunyonya mlio mwembamba, na mngurumo wa hezi 40 hadi 80 unaipita kana kwamba haipo. Kinachosaidia huko chini ni uzito: mikeka mizito ya mpira, na karatasi nzito za lami au mpira zinazobandikwa kwenye bati la sakafu ya buti ili lisitikisike. Kabla ya kununua, kagua kama sakafu ya buti imekaa sawasawa, na kama kuna tundu lililokosa kizibo chake cha mpira. Tundu la upana wa kidole linaweza kuharibu kazi ya mkeka mzima.

Ujue pia unachokitarajia. Ukipunguza desibeli 3 umekata nishati ya sauti kwa nusu, lakini sikio litasema "kidogo tu". Ili sikio lione kelele imekuwa nusu, inatakiwa kushuka kama desibeli 10, na mikeka peke yake haikufikishi huko.

Usifunge matundu ya kupoza injini. Usibandike chochote kinachoshika moto karibu na ekzosti. Na achana na anayekushauri uongeze silensa ya pili: injini hii imepangwa kwa ekzosti yake, ukiiziba pumzi utapata joto na taa ya injini.

Hatua ya 9: Kumpelekea fundi

Kabla ya yule fundi wa kushusha injini, nilishapeleka gari gereji mara mbili. Mara zote mbili nilirudishiwa na karatasi inayosema kelele haikusikika. Sikuwaelewa hadi nilipoangalia dashibodi: nililiacha na chaji asilimia 15, nimelikuta na mia moja. Walikuwa wakarimu, walilichomeka kwenye chaja lilipofika, wakalizungusha mtaani, na injini haikuwaka hata sekunde moja. Ni kweli hawakusikia kitu.

Kwa hiyo lipeleke likiwa na chaji ndogo, karibu na kile kiwango ambacho injini huwaka, na petroli tangini. Omba uende naye kwenye jaribio, umpitishe barabara ileile ya daftari lako, kwa mwendo uleule. Mpe rekodi, mwambie mzunguko ambao mlio unatokea kama unaujua, na umuulize ameuthibitishaje kabla hajataja kifaa cha kubadilisha. Mara ya tatu nilibandika karatasi juu ya tundu la chaji, kwa herufi kubwa: USICHAJI. Alilisikia kabla hatujatoka getini.